Kirapo cha Kulinda Muhogo

Shule niliishia darasa la tatu, kisha nikaenda kubeba magunia. Nalisema hili mwanzo ili msomaji asitafute kwangu maneno ya vitabuni. Nilifanya kazi ya mgongo bandarini Kipevu tangu ujana mpaka goti likakataa, na kwa mgongo huo nikanunua kipande cha shamba hapa Shika Adabu, nikajenga nyumba ya mawe, nikapanda muhogo nyuma. Hakuna aliyenipa. Hati sijapata, kama wengi hapa Likoni, lakini kila jirani ajua mpaka wangu unapoanzia na unapoishia. Wako pia wanaokimezea mate. Kiwanja kingine sina, na nguvu ya kutafuta kingine sina.

Ndugu yangu mdogo alikuja kukaa nami baada ya kufiwa na mkewe kwetu Kaloleni. Namwita mdogo, lakini ana mvi kichwa kizima. Alikuja na mfuko wa nguo na jembe. Nikampa chumba cha uani, nikamwachia na muhogo aulime, maana mimi nikiinama kuinuka ni kazi ya kuomba msaada. Muhogo ukanawiri. Nikala, nikashukuru, wala sikufika kule mwisho penye ua wa minyaa. Mtu akikulimia vizuri humfuati nyuma kumkagua.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, mjane wa Kidigo anayekaanga viazi karai mbele ya nyumba yake. Alipiga hodi asubuhi, akakaa kwenye kizingiti, akaniuliza hali, akauliza goti, akauliza watoto wangu walio mbali mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mzee mwenzangu, muhogo wenu siku hizi umekuwa wa dhahabu?"

"Kwa nini?"

"Nimeona mmeuwekea kago. Chupa imefungwa kitambaa chekundu, na manyoya ya kuku. Wallahi tangu nizaliwe sijaona muhogo ukawekewa kago. Mnazi, sawa. Mkungu wa ndizi, sawa. Muhogo mtu akikuibia si unachomeka kijiti kingine?"

"Labda ndugu yangu aupenda sana."

"Basi mwambie aupende kwa siri. Watu wanapita njia ya nyuma makusudi, kila mmoja ataka kujua kinacholindwa ni nini." Akainuka, akajipangusa kanga. "Mimi sijaona kitu. Macho yangu mabovu."

Macho yake si mabovu. Anahesabu chenji ya viazi karai gizani.

Analoliita kago, sisi watu wa Kaloleni twaita kirapo. Ni dawa ya kulinda mali. Unaitundika pale penye kitu kitakachokuuma kikiibwa, mnazi unaogemwa tembo, mgomba ulioinama, na mwizi akigusa tumbo linamvimba. Wasioamini nao hawagusi. Sasa fikiria mtu ana kitu cha kuficha, akakificha vizuri, kisha akatundika juu yake alama ya kuwaambia watu wote kwamba hapa pana kitu. Mtu wa bara angefunga mbwa, au angezungusha waya, na asiulizwe. Kosa hili lilitaka mtu wa kwetu.

Nilikwenda kuona. Ilinichukua muda, goti lile. Nikapita muhogo uliokuwa muhogo, nikafika mahali ambapo muhogo ulikuwa ni pazia tu. Jani la bangi na jani la muhogo, ukiyatazama kwa mbali, yana vidole vile vile, na ndugu yangu alikuwa amelitegemea hilo. Miti ilikuwa mirefu kunipita, myembamba, vidole vya majani vyembamba kama vya kitoto, na vichwa vyake vimeachana kwenye tawi. Harufu ilikuwa imesimama pale kama mtu. Na pale mbele, kwenye kijiti, chupa na kitambaa chekundu.

Alinikuta hapo. Hakushtuka, alikuwa na kopo la maji mkononi.

"Umeiona," akasema.

"Nimeiona."

"Hii ni ile ya baba."

Baba alikuwa na mti mmoja nyuma ya zizi la mbuzi. Wazee wenzake walikuja jioni wakiuliza habari za mbuzi, na mama akawa anaingia ndani. Kuku wakiugua alikuwa akiwapa kidogo kwenye maji. Hakuna aliyeona ni jambo la kuzungumzwa. Mimi niliondoka nikiwa mdogo, nikasahau. Huyu alibaki, akarithi mbegu.

Akaanza kunisomesha, na alivyosema ungedhani anasifu mtoto wake aliyefaulu. Kwamba dereva mmoja wa lori alimpa mbegu ya bara, pale Changamwe malori yanapolala, akaijaribu. Ikatoka fupi, nene, vichwa vimekaza kama ngumi, akafurahi. Masika ilipopiga, vikaoza kwa ndani, ukifinya unatoa unga wa kijivu. "Huku hewa ina maji hata siku ya jua," akasema. "Ile imezoea baridi kavu. Hii ya baba imezaliwa kwenye jasho. Ona vichwa vyake, upepo unapita katikati. Chumvi haiiui, mchanga haiukatai. Ila inachelewa. Ya bara imeshavunwa na kuuzwa, hii ndiyo kwanza inafikiria kutoa ua."

"Unauza?"

"Navuta mwenyewe, kidogo. Mgongo unaniruhusu kulala." Akatazama chini. "Mwenehu, ndugu yangu, kule kwetu haipo tena. Wote wamechukua ya bara. Nilikwenda kwenye matanga ya mwaka jana nikauliza kila mzee. Imebaki hii. Niachie mbegu zikomae, kisha nitaing'oa yote mwenyewe."

Kusema kweli nilikuwa nimechoka zaidi kuliko nilivyokasirika. Maisha yangu yote nimebeba mizigo ya watu wengine, na sasa huu ulikuwa umeota kwangu. Nikamwambia, "Wakija wenye kuja hawatauliza nani alipanda. Watauliza shamba ni la nani."

"Nitasema ni langu."

"Wewe huna shamba."

Nilimwona neno lilivyomwingia. Sikulirudisha, maana lilikuwa kweli, na mimi si mtu wa kupaka maneno asali. Nikamwambia Ijumaa mchana iwe imeng'olewa. Hapa mtaani kwetu saa ya sala ya Ijumaa njia zinabaki za kuku.

Siku zilizofuata alipalilia, alichota maji, alikula mezani kwangu akitazama sahani. Hakugusa kitu kule nyuma, na nikaanza kumwelewa. Kirapo anakitoa aliyekiweka. Mwingine akikitoa, kimemshika yeye. Mimi ni mzee wa kanisa, nimesimama mbele za watu nikasema dawa hizi ni upuzi. Ndugu yangu alijua nimesema hivyo, na alijua pia tulizaliwa nyumba moja.

Ijumaa ikafika. Adhana ikaisha, wanaume wakapita na kanzu zao, njia ikatulia. Nikamngoja. Alikuwa amekaa mlangoni pa chumba chake akinoa jembe lisilohitaji kunolewa. Nikachukua panga, nikapita mbele yake, nikaenda kule nyuma.

Nilisimama mbele ya chupa ile. Jua limesimama utosini, mbu wa muhogoni wananila miguu. Nikajiambia ni chupa ya soda hii, na manyoya ya jogoo niliyemla mimi mwenyewe. Mkono ukakataa. Nikaomba kimoyomoyo, mkono ukasogea kidogo, ukasimama. Nikafikiria nyumba yangu imeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba imechukuliwa, na watu wengine wamelala vyumbani mwangu. Nikanyoosha mkono tena.

"Wacha," akasema nyuma yangu. "Utavimba bure, na hospitali nitakupeleka mimi."

"Basi kitoe."

"Sogea kwanza. Umekanyaga upande mbaya."

Nikasogea. Akachuchumaa, akanong'ona maneno ambayo sikutaka kuyasikia, akakata kitambaa, akaifungua chupa kijitini, akaweka vyote mfukoni. Kisha akakaa palepale chini, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeshushwa njiani.

Tukaing'oa pamoja. Kuchoma hatungeweza, moshi ule ungetutangaza mpaka feri. Kuwapa mbuzi wa jirani, mbuzi wangetutangaza wenyewe. Tukaikatakata kama majani ya ng'ombe na kuitumbukiza chooni, mzigo baada ya mzigo, wazee wawili wanapishana na matoroli. Mbegu zilikuwa bado za kijani, laini. Nilimwona akiponda moja kwa kucha, akaitazama, akaitupa. Hazikuwa za kuweka.

Mara moja tu alisema kitu. "Baba angetucheka."

"Baba alikuwa na zizi," nikasema. "Mimi nina majirani."

Tuliosha mikono kwa ndimu na jivu, na bado usiku wake chakula kilinukia ile.

Walikuja wiki iliyofuata, askari wawili na mzee wa mtaa. Mzee wa mtaa alikuwa akitazama viatu vyake. Walizunguka, wakafika mwisho, wakaona ardhi iliyo wazi na mashimo ya mashina yaliyong'olewa.

"Hapa palikuwa na nini?" mmoja akauliza, kijana wa bara kwa lafudhi.

"Muhogo uliooza," ndugu yangu akajibu. "Ardhi hii ina maji mengi."

Yule kijana akapiga udongo kwa kiatu. Akanitazama mimi, nami nikamtazama. Ndugu yangu akainama akang'oa shina la muhogo mzuri, akakung'uta mchanga, akampa. Waliondoka nao. Mzee wa mtaa alichelewa nyuma kidogo, akaniambia, "Kiwanja chako kilikuwa kimeshapata mtu wa kukichukua, mzee," kisha akawafuata.

Basi kiwanja ninacho.

Ndugu yangu alikaa mpaka mwisho wa mwezi. Hatukugombana. Akasema anakwenda Kaloleni kupalilia kaburi la mkewe, akachukua jembe lake na mfuko. Nikamsindikiza mpaka barabarani, polepole, yeye akinipunguzia mwendo. Nikamwambia arudi. Akasema, "Tutaonana, Mungu akipenda." Huwa napiga simu. Anapokea, ananiuliza goti, namuuliza mvua, tunakata.

Muhogo umeingia magugu. Nimemwita kibarua, mtu wa bara anayekaa karibu na stesheni, mchapakazi, mwenye maneno mengi. Juzi aliniuliza ile ardhi tupu ya mwisho tupande nini, maana ni mahali pazuri, pana rutuba kuliko kote. Nikamwambia mchicha. Unaota upesi, na hakuna anayekuja kuuulizia.