Siku Nilipouchagua Mtaro

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka natamani kuirudia, hata kwa kutambaa. Ilikuwa katika ile miaka ya tisini, sijafika thelathini bado, nami nilikuwa nyapara wa vibarua wa barabara kati ya Migori na Rongo. Usicheke. Siku hizo nyapara alikuwa mtu. Nilipewa koti la rangi ya machungwa na bendera nyekundu, na nikiinyoosha ile bendera, hata gari la mkubwa lilisimama.

Kwanza nikueleze habari za mama mdogo Awino. Mama yangu aliponiacha ningali mchanga, mdogo wake huyo ndiye aliyenibeba hadi kwake Rusinga, akanilea kwa samaki na viazi vitamu pamoja na binti yake Auma. Hakuniita kwa jina. Aliniita nyathina, yaani mwanangu, na ndiyo sababu nami nakuita hivyo. Nilipopata kazi ya barabara, aliwatangazia majirani wote kanisani. Lakini mimi, kwa shughuli za ukubwa wangu, nilikaa karibu mwaka mzima bila kwenda kumwona. Kila mara nilisema nitaenda mwisho wa mwezi. Miezi ina miisho mingi, mwanangu.

Basi asubuhi hiyo lori la miwa likapinduka kwenye mteremko wetu, karibu na Awendo. Dereva alitoka mzima, akakaa kando ameshika kichwa. Lakini lori lililala limekingama barabarani, miwa imetapakaa kila mahali, na magari yakaanza kupangana pande zote mbili.

Mwenye trekta wa shamba jirani akaja mbio na mnyororo. "Nyapara, turuhusu tulivute pembeni. Ni dakika chache tu, watu wapite."

Nikatazama pembeni. Pale palikuwa na mtaro wetu, mtaro wa mawe tulioujenga wiki tano, jiwe kwa jiwe, na mhandisi alikuwa aje kuukagua Ijumaa. Lori likiburutwa pale, kazi yote ingesagika.

"Hapana," nikasema. "Tungoje gari la brekidauni litoke Kisii lije lilinyanyue."

Tukangoja. Jua likapanda. Watu wakaokota miwa wakatafuna, wenye magari wakanisihi, wengine wakanitukana. Yalipopita kama masaa mawili, dereva wa pikapu akaja kwa miguu kutoka nyuma kabisa ya msururu, shati limelowa jasho.

"Ndugu yangu, nimebeba mgonjwa. Yuko juu ya godoro, juani hivi hivi."

Nikamjibu bila hata kumtazama. "Kila gari hapa lina shida yake. Mtaro wa serikali hauvunjwi kwa sababu ya gari moja."

Akageuka, akarudi alikotoka. Wahenga walisema cheo ni dhamana. Mimi nilikivaa kama lile koti.

Aliyeninyoosha ni mkubwa wangu wa kazi, foremani wetu Mzee Ogutu, aliyefika kwa baiskeli kutoka sehemu nyingine ya barabara baada ya kuona hakuna gari linalomfikia. Alikuwa mzee wa maneno machache. Akautazama msururu, akalitazama trekta limesimama bure, kisha akanitazama mimi.

"Huu mtaro ni wa nini?"

"Ni wa kulinda barabara, mzee."

"Na barabara ni ya nini?"

Akaiegemeza baiskeli yake kwenye mawe ya mtaro.

"Ni ya watu kupita. Mtaro ukibomoka tutajenga mwingine. Hizi saa ulizowanyima watu, utawajengea kwa mawe gani?"

Akampungia mkono mwenye trekta. Haikufika nusu saa, mwanangu. Nusu saa! Lori likaburutwa, mawe yangu yakasagika, vibarua wakafagia miwa, upande mmoja ukafunguka. Nilisimama na bendera yangu nimenuna, magari yakinipita. Nikaiona ile pikapu. Nyuma alikuwepo mtu amelala, amefunikwa leso asichomwe na jua, na mwingine ameinama juu yake. Sikuangalia mara ya pili. Nilikuwa nahesabu mawe yaliyovunjika.

Siku ya tatu nikaletewa habari kwamba mama mdogo ni mgonjwa sana, niende. Nilimkuta hai, lakini alikuwa haongei tena. Alinishika mkono, midomo ikacheza, sauti ikakataa. Auma akanivuta nje.

"Tulipomtoa hospitali Migori alikuwa akiongea vizuri," akaniambia. "Alitaka kupumzika kwake. Lakini tulikwama karibu na Awendo, kuna lori lilianguka. Lile jua lilimmaliza. Aliuliza na kuuliza, 'Si hii ndiyo barabara ya nyathina? Mkimwona mniitie, nina neno lake.' Ningemwacha na nani nije kukutafuta? Tulipofika Homa Bay, ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito."

Sikumficha Auma. Nilimwambia ni nani aliyekuwa ameshika bendera. Akanifungulia mlango, akasema, "Ingia ukae naye." Nikakaa naye siku mbili, mpaka alipotutoka.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Umri wangu sasa umeupita wake, na bado najiuliza lilikuwa neno gani. Labda lilimhusu mama yangu, ambaye sikumjua. Labda alitaka tu kunikanya nioe. Auma naye hajui. Kuna siku nikiwa shambani naisikia sauti yake ikiniita, nami naitika kwa nguvu, wajukuu wanacheka. Waache wacheke.

Kwa hiyo nakuusia. Ukikuta kitu kimeziba njia ya watu, kiondoe kwanza. Nani alikosea, kazi ya nani imeharibika, hayo mtayazungumza njia ikiwa wazi. Ukipewa mamlaka, hata yawe ya kushika ufunguo wa ghala au muhuri wa ofisi, jua kwamba yupo mtu nyuma kabisa ambaye humwoni, na mizigo yake huijui. Akija mtu kukuambia ana mgonjwa, mtazame usoni, kisha nenda ukamwone huyo mgonjwa kwa macho yako. Na waliokulea, waendee wangali na sauti.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kusogea wengine wapite. Akujalie kuwafikia wazee wako wakingali wanakungoja, na wanao nao wakufikie wewe. Nenda salama, mwanangu.