Picha ya Mikono ya Kinyozi

Mwanangu wa kwanza alinyolewa nywele za uzazi na kinyozi mwingine, nami kinyozi nimekaa nje barazani nasikia. Ilikuwa siku ya saba, siku ya akika, huko Kisauni kwa wakwe zangu, ambako mke wangu alikwenda kujifungua kama ilivyo ada ya kwao. Mbuzi amechinjwa, udi unafukizwa, wanawake wanapiga vigelegele, na mtu aliyeletwa kutoka Kiembeni anapitisha wembe kwenye kichwa cha mtoto wangu. Nilikuwa nimekuja na wembe mpya mfukoni. Niliondoka nao vilevile ulivyo.

Aliyenizuia ni mama mkwe, na alinizuia kwa adabu zake zote. Alinipokea mlangoni, akaitikia shikamoo yangu, akanitengea kiti, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba, wewe pumzika leo. Kazi hii tumempa mtu." Macho yake yalikuwa mikononi mwangu. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto, lakini mbele ya wageni ningesema nini? Nikakaa.

Mikono yenyewe ilikuwa hivi. Tangu kabla ya kuoa ilitoa mabaka mekundu yenye magamba meupe, yakipukutika kama chokaa ya ukuta mkongwe. Viwiko navyo, na nyuma ya masikio. Kibanda changu kilikuwa Changamwe, kando ya njia ya malori, na wateja wangu walikuwa madereva na watu wa viwandani, watu wasio na makuu. Hata hao walianza kupungua. Ilikuwa miaka ya tisini, na wakati ule ngozi ya mtu ikibadilika tu, watu walikuwa na jibu moja, tena la kunong'ona: ana ule ugonjwa. Dereva mmoja aliketi, nikamfunga shuka shingoni, akaiona mikono yangu kwenye kioo, akainuka akatoka mbio na shuka yangu shingoni. Nilicheka pamoja na waliokuwepo. Jioni yake nilifunga kibanda mapema.

Kwa hiyo pale barazani, siku ya akika, nilikula kiapo kimoyomoyo. Mtoto wa pili, Mungu akinijalia, nitamnyoa mimi.

Kwanza nilifanya lile nililolijua, nalo ni kusugua. Kila asubuhi nilijipiga dodoki, halafu jiwe la kusugulia visigino, halafu sabuni ya kufulia, na mwisho spiriti ile ya kusafishia nyembe. Iliunguza hadi machozi yakanitoka, nami nikauma meno nikisema ndiyo inafanya kazi. Magamba yalitoka yote. Baada ya siku chache yalirudi, na wenzao. Mke wangu aliniambia, "Wewe unajichuna, hujitibu." Nikamwambia aniache na mikono yangu.

Nilipokubali kwenda hospitali, nilikuwa nimechelewa. Daktari wa ngozi, mama mmoja aliyekuwa akija pwani kutoka Nairobi, alikuwa ameacha safari hizo. Muuguzi wa pale kliniki akaniambia kuwa daktari sasa anawasaidia wagonjwa wa mbali kwa kompyuta. Unapigwa picha, unaeleza hali yako, vinatumwa kwa intaneti, naye anajibu hukohuko aliko. Nilidhani ananitania. Intaneti nilikuwa nimeisikia kwa wateja tu, nao walibishana kama ni simu au ni televisheni. Lakini muuguzi hakucheka, na alinielekeza ofisi moja mjini inayofanya kazi hiyo. Nikasema potelea mbali, nitajaribu.

Jirani yangu wa Changamwe alikuwa mpiga picha, mwenye studio yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mimi nilimnyoa, yeye alinipiga picha, hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilikwenda nimevaa shati la harusi. Nikamweleza kuwa nataka picha ya mikono ya kumpelekea daktari.

"Daktari wa Nairobi?" aliuliza.

"Wa Nairobi."

"Basi tusikuaibishe."

Akanipaka mafuta ya nazi mikononi, akanigusagusa kwa poda, akailaza mikono yangu juu ya kitambaa cha mahameli, mmoja juu ya mwingine kama ya bwana harusi, akawasha taa zake zote. Si mimi si yeye aliyeona kosa. Studio ulikwenda ili utoke mzuri, na mpiga picha aliyekutoa na chunusi zako hukumrudia.

Kule mjini, bibi wa ofisi ya kompyuta aliilaza picha kwenye mashine, tukasubiri, umeme ukakatika, akaanza upya. Alipoketi kuandika nilimwambia maneno machache: nina mabaka, yananifukuzia wateja, na nilizuiwa kumnyoa mwanangu. Aliinua macho akanitazama, kisha akaandika vilevile nilivyosema. Niliporudi baadaye alinipa jibu, limechapwa kwenye karatasi. Daktari alikuwa ameandika: "Nimeona mikono mizuri sana. Ugonjwa sijauona. Nani aliipaka mafuta?"

Nilirudi Changamwe nimefura. Nikamwekea mpiga picha karatasi mbele ya pua. Aliisoma, akaisoma tena, akasema, "Lakini amekiri kuwa picha ni nzuri." Nilitaka kumgombeza nikashindwa. Tulicheka hadi mteja wake akachungulia kutoka nyuma ya maporomoko ya maji.

Maagizo yalikuwa chini ya karatasi. Mafuta huyaficha magamba, kwa hiyo nisipake chochote. Nisimame dirishani asubuhi, taa zote zikiwa zimezimwa. Kando ya baka niweke sarafu, ili ajue ukubwa wake. Nimwonyeshe na viwiko, na kucha, na nyuma ya masikio. Na nimjibu kwa ukweli: mikono hiyo naifanya nini kila siku?

Nilisimama basi kwenye dirisha la nyuma la studio, shati nimevua, mikono mikavu kama Mungu alivyoniachia. Niliona aibu ambayo sikuiona hata siku ya yule dereva. Mpiga picha, ambaye mdomo wake haukupoa hata kwenye matanga, alifanya kazi kimya. Alipomaliza alisema tu, "Kumbe ndivyo ilivyo." Miaka yote ile tulikuwa tukinywa chai pamoja.

Safari hii nilimweleza daktari na habari za jiwe na spiriti. Jibu la pili lilikuwa refu. Ugonjwa huu unaitwa soriasis, aliandika. Hauambukizi kwa kugusana, wala kwa taulo, wala kwa wembe, wala kwa kulala kitanda kimoja. Hauponi ukaisha kabisa, lakini hutulizwa. Halafu sentensi niliyoisoma nimesimama kando ya barabara, watu wakinipita: "Kila unapoisugua ngozi yako na kuichubua, unaupa ugonjwa mahali papya pa kuota."

Mimi mwenyewe nilikuwa nikiulisha. Nguvu zangu zote, yale meno niliyouma kila asubuhi, yote yalikuwa chakula chake. Nilifika nyumbani nikalitupa lile jiwe shimoni.

Tangu hapo ubishi wangu niliuhamishia kwenye upole. Sabuni laini, mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu, jua kidogo la asubuhi, na usiku marhamu ya lami ambayo mke wangu alisema inanuka kama barabara inayotengenezwa. Spiriti ikabaki ya nyembe tu. Kila mwezi nilisimama kwenye dirisha lilelile na sarafu ileile, na picha zikaenda Nairobi. Kuna miezi daktari aliandika "vizuri, endelea". Kuna mwezi alinikaripia kwa kuwa niliona nafuu nikaacha dawa. Alijuaje? Aliona picha. Sikuwahi kumwona uso, lakini nilimwogopa kama nilivyomwogopa mwalimu wangu wa Kurani chuoni.

Mabaka ya mikono yakafifia yakawa vivuli. Wateja wakarudi mmoja mmoja, na mke wangu akawa mjamzito. Nilinunua wembe mpya mapema mno, nikauweka juu ya kabati. Na mwezi uleule aliokwenda Kisauni kujifungua, mabaka mawili yakaota kwenye mkono wangu wa kulia, mkono wa wembe, mekundu kama siku ya kwanza.

Nililia kwa hasira, sifichi. Kisha nikaenda mjini nikamwuliza daktari kama ninaweza kuvaa glavu siku ya akika. Jibu lake lilikuwa fupi kuliko yote. "Glavu za nini? Kama hakuna kidonda kilicho wazi, osha mikono, paka mafuta, nyoa. Anayehitaji kuambiwa si mimi."

Basi jioni ya kuamkia akika nilikwenda Kisauni na picha zangu. Nilimkuta mama mkwe ukumbini, nikamwamkia, nikazitandaza mkekani mbele yake, za mwanzo hadi za mwisho.

"Mama, nimekuja kuomba," nilisema. "Kesho nataka kumnyoa mwanangu mwenyewe. Mkono wangu haujapona, na hautapona. Lakini ugonjwa huu haumpati mtu kwa kuguswa. Daktari ameniandikia."

Alizitazama moja moja. "Daktari mwenyewe amekuona?"

"Ameona hizi tu."

"Ndoo hapa," alisema kwa Kimvita chake, akiniashiria nisogee.

Alinishika mkono. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kunishika mkono. Alipitisha kidole gumba juu ya baka, polepole, gamba likadondoka mkekani.

"Mwanangu yuwala nawe sinia moja?"

"Ndiyo, mama."

"Na nguo zako yuwafua yeye?"

"Ndiyo."

"Na huyu mkubwa, yuwalala kifuani pako?"

"Kila siku."

Ndani mtoto alikuwa akilia, na mke wangu akimbembeleza. "Na wote hawana hata alama," alisema, akijigusa jicho. "Wallahi, mato yangu yalikuwa wapi?" Hakusema samahani, nami sikuitaka. Alizikusanya picha, akanirudishia, akasema niwahi asubuhi.

Nimenyoa vichwa vingi maishani, vya walevi wasiotulia na vya maiti, lakini hakuna nilichokishika kwa uangalifu kama kile. Kilijaa kwenye kiganja changu. Nilikilowesha, nikakinyoa kuanzia utosini, na mama mkwe akashika sahani ya kupokelea nywele. Mtoto alipiga chafya, akalala.

Mpiga picha wangu alikuwa amealikwa. Tulipoketi tayari, mimi na mtoto mapajani, alifungua mkoba wake akatoa poda na kitambaa, kwa mazoea tu, akanijia akiielekea mikono yangu.

"Wata poda hiyo," mama mkwe alimwambia, akimzuia kwa mkono.

Akauchukua mkono wangu wa kulia, akaulaza juu ya kichwa cha mtoto, upande wa mabaka ukiwa juu, akarudi nyuma hatua moja.

"Haya," alisema. "Sasa piga."