Bei ya Kupatana

Nikinusa nta ya sakafu, moyo hunirudisha hadi nyumba moja kuukuu ya mawe kule mtaa wa Karen. Ilifanywa makumbusho kwa sababu humo wazee wa jamii mbili zilizopigana walitia sahihi mkataba wa amani. Miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Shosho, mamake Mama, alitupeleka huko Jumapili moja baada ya ibada, akidai ni matembezi tu. Kumbe alikuwa na lake. Mama na dadake, Mama Mkubwa, walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa kijishamba chao kule Waithaka, ilhali walisuka nywele katika vibanda vilivyopakana pale Kenyatta Market. Mjumbe wao nilikuwa mimi: mwambie huyo arudishe kitana. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wahenga walisema, lakini hawa walikuwa wanawe Shosho, na jembe lilimshinda.

Mwelekezi, kijana mpole mwenye tai, alituonyesha meza na viti viwili, akasema, "Hapa ndipo walipopatana." Mimi mtoto wa soko nilijua kupatana kwa aina moja tu, kwa muuzaji na mteja. Nikauliza, "Walipatana ngapi?" Mama na Mama Mkubwa wakaangua kicheko, wakashikana mabega wasianguke, wakasahau kabisa kwamba wamenuniana. Jinsi nilivyofurahi! Mwelekezi hakunicheka. "Kila mmoja alishuka kidogo," alinijibu. Shosho akadakia, "Mmesikia? Hata hao walishuka." Laiti angalinyamaza tu. Mikono ikaachana mabegani. "Mimi nimeshuka ya kutosha," Mama akasema. "Basi aanze yeye," Mama Mkubwa akaniambia mimi, macho dirishani. Tukarudi nyumbani.

Mama Mkubwa alifariki hawajasemezana. Siku hizi kijishamba kile kimejengwa nyumba za kupangisha, na wapangaji huanika nguo juu ya mpaka bila kuujua. Juzi Mama aliniomba nimpeleke tena Karen. Sakafu sasa ni ya vigae, haina harufu yoyote, na meza imezungushiwa kamba. Inaniuma kwamba siku ile tuliisogelea amani kiasi cha kuigusa. Mama alisimama kambani, mkoba kifuani.

"Ulimuuliza walipatana ngapi," alisema.

"Akasema kila mmoja alishuka kidogo."

"Yetu ilikuwa hatua moja ya udongo," Mama akasema. "Ilikuwa bei rahisi."