Kisigino cha Anasia

Majani ya ng'ombe yaliyokatwa yakiwa na umande wake yana harufu ambayo mpaka leo ikinifikia shingo inaniuma. Sitanii. Masika yale mama alipolazwa hospitali, mimi na dada yangu Anasia ndio tuliokuwa tunashuka bondeni kukata majani, kisha tunapanda nayo hadi nyumbani, Akheri. Nilikuwa bado na meno ya utoto. Mzigo unafungwa kwa kamba za mgomba, unawekwa kichwani, na majani yananing'inia mbele mpaka yanafunika macho. Maji yanaingia shingoni, siafu nao hawakosi. Huoni mbele, huoni kando, unaona kipande kidogo cha ardhi, basi. Anasia alikuwa anatangulia. "Tazama kisigino changu," aliniambia, "kikikanyaga, na wewe kanyaga hapohapo." Nikichelewa ananipigia kelele: "We kinyonga, ng'ombe atakufa na njaa akikungoja!" Nami nikicheka mzigo unayumba, tope linanimeza mguu.

Naeleza hayo kwa sababu ya picha. Ngoja nifike. Niliolewa Nkoaranga, nikarudi Akheri nikiwa mjane, magoti yameshaukataa ule mteremko. Sasa likizo hii mjukuu wangu Gladness, mtoto wa mwanangu Elibariki, alikuja na baba yake kutoka Kwa Mrombo, kule mjini, akiwa na kazi ya shule: atembee, apige picha za atakavyoviona, halafu atengeneze kurasa za mimea na wadudu na njia. Nyingine achore kwa kuangalia picha, nyingine abandike, na pembeni aandike kilichokuwa kinanukia na kilichokuwa kinalia. Kazi nzuri. Mimi niliishia darasa la tatu, na enzi zetu ungepeleka konokono shuleni ungechapwa wewe na konokono wako. Basi wakachukua simu, baba na mtoto, wakashuka kwa njia yetu ileile ya majani. Elibariki akaenda mjini kuzisafisha zile picha, akazileta zikiwa karatasi, Gladness akazitandaza mezani, nyumba nzima ikanuka gundi.

"Bibi, hapa ni wapi? Nataka kuandika jina."

Nikatazama. Mlima umekaa nyuma, migomba, mringaringa mkubwa wenye maua meupe. Pazuri. Sikupajua. Akaweka ya pili, mto na daraja la magogo. Sikupajua. Ya tatu nikaigeuza juu chini, nikidhani labda ndiyo inavyotazamwa. Gladness akacheka, kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Elibariki alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Mama, hiyo si ndiyo njia yako? Si umepita hapo utoto wako wote?"

"Nimepita."

"Sasa mbona huijui?"

Msomaji wangu, Elibariki akinitazama vile namfahamu. Tangu nilipoiacha sufuria ya maharage ikaungua, anataka nihamie kwake mjini. Chumba kipo, kitanda kipo, anasema mtu akianza kusahau hakai peke yake. Ni mtoto mwema, simlaumu. Ila mimi kule nitaamka asubuhi niende wapi? Na sasa huyu hapa ana ushahidi, na umetandazwa mezani kwangu mwenyewe. Nilizitazama zile picha moja baada ya nyingine, nikaona labda ni kweli, labda kichwa kimeshaondoka kikaniacha nimekaa.

Gladness akasogeza pembeni picha moja. "Hii mbovu, natupa. Simu ilipiga yenyewe nilipojikwaa." Nikaichukua. Tope, jiwe bapa lenye ufa, na mzizi uliokunjika kama kiwiko, mgongo unang'aa kwa kukanyagwa. "Hapa usikanyage mzizi, unateleza," nikasema, na sijui ni mimi niliyesema au ni Anasia. "Kanyaga jiwe, upande usio na ufa. Kisha mguu wa kushoto juu, kuna shimo."

Elibariki akaweka kikombe chini. "Shimo lipo," akasema polepole.

Kesho yake nikataka wanipeleke. Elibariki alinishika mkono, tukashuka taratibu kama watu waliobeba mayai. Tulipofika nikainua uso nikauona mlima wote, mweupe wa mawingu, nikapotea kabisa, nikauliza tuko wapi. Uso wa mwanangu ukasawijika. Nikainamisha kichwa haraka. Jiwe lilikuwepo. Nikakanyaga, mguu wa kushoto juu, nikapita.

"Mama, unatembea kama umebeba kitu," akasema.

"Nimebeba," nikamjibu.

Ya chumba cha mjini hajayataja tena, ingawa sijui kama ameridhika au ananihurumia, na mimi mwenyewe sijui siku ile nilinusurika na nini. Mtu anawezaje kuijua njia asijue iko wapi? Siku hizi majani huletwa kwa bodaboda, hakuna mtoto anayefunikwa macho. Watoto wanapita njia ileile vichwa vimeinama kwenye simu, wao pia hawauoni mlima, nami najiuliza uzeeni watakumbuka nini.

Gladness aliibandika ile picha mbovu katikati ya ukurasa. Mbele ya mzizi palibaki peupe, akaniuliza achore ndege gani. Nikamwambia achore kisigino, chenye nyufa, cha msichana anayekwenda haraka. Anasia tumeshamzika, picha yake hakuna hata moja, na uso wake nikiutafuta siupati. Mtoto akanivua kandambili, akauweka mguu wangu juu ya kigoda, akaanza kuchora.