Nilivyolicheka Dubwana la Bwera

Nilikuwa na kipindi cha filamu kwenye redio moja ya Kasese, kila Jumamosi asubuhi, kwa Kiswahili. Kazi hiyo niliipata kwa sababu nililelewa kambini. Baba alikuwa askari, na pale Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi watoto wa makabila yote. Kuhusu filamu sikujua mengi, ila nilikuwa nimezitazama nyingi, na wasikilizaji walipenda nikizisema vibaya.

Mwalimu mmoja wa sekondari kule Bwera akatengeneza filamu ya kutisha. Dubwana linatoka mtoni wakati wa mvua, linabomoa nyumba na kumeza watu. Alipiga picha kwa simu, wanafunzi wake wa zamani wakaigiza, na dubwana lenyewe likashonwa kwa magunia na vipande vya godoro. Niliitazama peke yangu ofisini huku natafuna karanga. Jumamosi nikasema hewani: "Dubwana hili limevaa gambuti. Ukiliogopa, basi waogope na wachimba mitaro." Simu zikamiminika, watu wanacheka. Mwalimu hakupiga.

Wiki mbili baadaye alinitumia ujumbe: filamu ingeonyeshwa Kasese Jumapili mchana, katika ukumbi wa kanisa, nami nakaribishwa. Nilikwenda nikakaa nyuma. Wengi waliokuja walitoka Karusandara, ambako mto umefurika zaidi ya mara moja.

Mwanzoni walicheka, kwa kuwa gambuti ziliwapita mbele ya macho. Kisha maji ya matope yakaanza kupenya chini ya mlango, dubwana likiwa bado nje, na vicheko vikakatika. Mwanamke wa makamo aliyekaa mbele yangu akainua miguu yake kutoka sakafuni akaikunja juu ya benchi. Hakuishusha mpaka filamu ikaisha.

Mwalimu aliuliza kama kuna mwenye neno. Yule mwanamke akasimama.

"Mwalimu, umedanganya mahali mbili."

"Wapi, mama?"

"Watu yako inakimbia chini, kwa barabara. Mutu wa huku akisikia mawe inagongana kwa mto, anapanda kilima. Chini ni kufa."

Watu wakaitikia kwa sauti. Mwalimu akatoa daftari. "Na pa pili?"

"Ule mama anarudi kwa nyumba kuchukua picha ya harusi. Hapana. Mimi nilirudi. Nilirudi kwa sababu ya sufuria ya maharage. Ilikuwa imeiva, na watoto hawajakula tangu asubuhi. Nilitoka nayo kwa kichwa, maji iko hapa." Akajigusa kiunoni.

"Ilikuwa imefunikwa?"

"Na sahani."

Mwalimu akaandika hata hilo. Nikatazama chini. Nilikuwa nimeongea dakika ishirini nzima juu ya filamu hii, na sikuwa nimejiuliza watu wake wanakimbilia wapi.

Nje nilimwomba mwalimu radhi. "Ya gambuti ulisema kweli," akanijibu. "Mawe ya mtoni yangemkata miguu kijana aliyekuwa ndani yake. Lakini nilitaka uniambie kama umeamini."

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wasikilizaji niliyoyasikia ukumbini. Mtu wa Muhokya akapiga kulalamika: "Dada, umelegea! Siku hizi unahubiri?" Nikamwambia huenda ni kweli, nikaendelea.

Mwalimu alizipiga picha upya sehemu zile mbili, na nafasi ya mama akampa yule mwanamke mwenyewe. Alipoionyesha filamu upya kule Bwera, nilipanda gari nikaenda. Mwanamke alipotokea anakata maji, sufuria kichwani, ukumbi uligawanyika. Wanaume walipiga kelele, "Tupa hiyo!" Wanawake wakawajibu, "Wacha! Watoto watakula nini?" Mzozo ulikuwa mkubwa hata dubwana likapita bila kuangaliwa.

Yule mwanamke mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu. Hakutazama picha hata kidogo; aliwatazama watu, mmoja mmoja, mikono ameifumbata mapajani. Wakati anasikika kwenye filamu akiwaita watoto wake kutoka ng'ambo ya maji, alinigusa bega.

"Sauti yangu iko hivyo kweli?"

"Iko hivyo, mama."

Akatikisa kichwa. "Kumbe nilikuwa naogopa sana," akasema.