Kuku Mmoja na Mvua ya Mama

Kila nikifunua sufuria ya kuku wa nazi, mvuke ukinipiga usoni, namkumbuka jirani yetu wa Mbagala, shoga yake mama, aliyekuwa akija kutusalimia saa saba kamili mchana.

Siku hiyo kuku alikuwa mmoja na sie tulikuwa sita. Kula bila kumkaribisha mgeni ilikuwa aibu, na kumwambia aende ilikuwa aibu zaidi. Mama akaifunika sufuria, akaniambia kwa sauti tamu, "Mwanangu, hebu kachungulie nje. Naona kama mvua inakuja, shoga yangu asije akalowa njiani."

Nikatoka mbio. Nikaikagua mbingu pande zote, nikarudi nimejaa fahari. "Hakuna hata wingu, mama! Jua kali, mchanga unaunguza miguu!"

Mama alinitupia jicho ambalo nalihisi mpaka leo.

Jirani akavua ushungi, akanyoosha miguu mkekani. "Jua lote hilo nitalipitaje, shoga? Ngoja kwanza lipoe."

Akala paja. Mie nilipewa shingo, na kila nilipoinyonya, mama aliniuliza kwa upole kama nje bado kuna jua.