Matofali Mawili ya Bafuni

Baridi ya nyumba ile ilikuwa na chumba chake: bafu. Nyumba yenyewe ya zamani, kuta nene, sakafu ya saruji iliyopasukapasuka, na juu ukutani matundu ya hewa. Mzee alikuwa fundi viatu. Akiona tundu, mikono inamwasha. Mkewe ndiye aliyekuwa akimzuia.

"Kazibe viatu vya watu," angemwambia. "Matundu yangu yaache."

Mkewe hakuwepo tena. Mzee akakata vipande vya ngozi, akavipaka gundi, akayaziba yote. Kazi safi, hata sisimizi hapiti.

Aliyaziba kwa ajili ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuja kukaa naye majira ya baridi. Mama wa makamo, miguu inamuuma, mdomo haulali.

"Shemeji, hili bafu au mochwari?" aliuliza siku aliyofika, meno yakigongana. Kisha akajiuma ulimi.

Mzee alicheka. Tangu msiba hakuwa amecheka.

"Kesho utaoga kwenye joto. Kama alivyokuwa akinifanyia dada yako."

Maana marehemu alijua kulipasha joto bafu lile. Mzee alikuwa akiingia, anakuta joto tele, anaoga, anatoka. Hakuwahi kuuliza. Alichokiona kila asubuhi ni jiko la mkaa likiwaka uani, karibu na mlango. Akaona jibu ni hilo.

Asubuhi akawasha mkaa, akaungoja ukolee, mwekundu bila moshi. Akaliingiza jiko bafuni.

Shemeji akasita na taulo lake begani. "Jiko ndani?"

"Dada yako alifanya hivihivi."

"Haya. Mwenye nyumba ni wewe." Akaingia, akafunga komeo, akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini hakuwahi kuoga bila kuimba.

Mzee akarudi kwenye meza yake ya kazi. Akagandamiza soli kwa matofali mawili meusi. Aliyaokota nyuma ya mlango wa bafu baada ya msiba, asijue yalikuwa ya nini.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Akangoja. Kopo likaanguka, likabingirika, likatulia.

"Shemeji?"

Kimya. Hata maji hayakumwagika. Kimya kile alikuwa anakijua. Ndicho kilichomjibu chumbani siku alipomwita mkewe apokee chai.

"Shemeji, imba!" Akagonga mlango. "Basi nitukane!"

Akachukua nyundo ya viatu, nyundo ndogo. Akapiga usawa wa komeo. Akajigonga kidole, asihisi. Akaacha nyundo, akatia bega. Mlango ukagoma. Akatia tena, akilia kama mtoto, na komeo likang'oka na misumari yake.

Joto likampiga usoni. Moshi hakuna. Harufu hakuna. Na shemeji yuko chini kando ya ndoo, taulo limemzunguka, macho nusu wazi.

Kichwa cha mzee nacho kikaanza kuzunguka. Akamshika makwapani, akamburuta hadi uani, akapiga yowe. Jirani yake, dereva wa teksi, akaja mbio na shuka. Wakamfunika, wakamwita, wakampigapiga mashavu.

Kisha shemeji akatapika. Mzee hakujua kama mtu anaweza kufurahia matapishi.

Zahanati walimwekea hewa puani. Muuguzi alisema maneno machache: "Mkaa unatoa sumu isiyoonekana wala kunusika. Na nyie mmeziba mpaka matundu. Jiko lisiingie tena mnapokaa watu."

Waliporudi nyumbani, shemeji alijilaza kitini, kichwa bado kizito.

"Ulitaka nimfuate dada? Si ungesema, nikafungasha."

Mzee hakucheka. "Nilifanya kama yeye."

"Dada? Nilishangaa, nikadhani huku mlibadilisha. Kwetu tulikuwa tunayapasha moto matofali uani, yakipata joto tunayaweka kwenye karai bafuni, tunafunga mlango. Jiko linabaki nje. Hakuwa na matofali?"

Mzee akageuka, akaitazama meza yake. Akapanda kigoda cha bafuni, akayang'oa mapande yake ya ngozi moja moja. Upepo ukaingia. Akauacha uingie.

Shemeji alipopata nguvu, mzee akayatoa matofali juu ya soli za watu, akayapanga juu ya jiko la mkaa, uani. Yalipoiva akayabeba kwa koleo hadi kwenye karai. Bafu likapata joto, lile lile alilolizoea. Alisimama humo kidogo, ameinamisha kichwa.

Komeo hakulirudisha. Alitundika pazia, mlango ukasindikwa tu.

Shemeji akasimama kizingitini, ameshika taulo kwa mikono miwili. Haendi mbele, harudi nyuma.

"Nipo hapa," mzee akasema. Akaweka kigoda nje, akaupa mlango mgongo, nyundo mapajani. "Imba."

"Sauti yenyewe hii?"

"Imba hiyohiyo."

Akaingia, akaimba. Na kila aliponyamaza kuvuta pumzi, mzee alikaza mkono kwenye mpini.